Kamati ya wanafunzi inayoigiza Umoja wa Mataifa: mjadala unaendaje, na nani anaandika neno linaloamua?

Shule nyingi za sekondari hapa Mpanda zinaujua mdahalo. Kuna upande unaounga mkono hoja, kuna upande unaopinga, kuna mwenyekiti na mtunza muda, na mwisho mshindi anatangazwa kwa makofi. Wengi wetu tumewahi kusimama na kutetea kwamba elimu ni bora kuliko mali, au mkulima ni bora kuliko daktari, na tukarudi nyumbani tukiwa tumeshinda au tumeshindwa.

Ipo aina nyingine ya mjadala wa wanafunzi ambayo haimalizikii kwa makofi. Wanafunzi wanakaa kama kamati ya Umoja wa Mataifa, kila mmoja akiwakilisha nchi aliyopangiwa, na hawatoki ukumbini mpaka wawe na karatasi moja ambayo wengi wao wameikubali. Karatasi hiyo inaitwa azimio. Michezo hii ya kuigiza diplomasia ilianza kabla ya Umoja wa Mataifa wenyewe kuwapo: miaka ya 1920 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani walikuwa wakiigiza vikao vya Shirikisho la Mataifa. Leo inafanyika katika nchi nyingi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, na Nairobi ndiko yaliko makao ya Umoja wa Mataifa yaliyo karibu nasi zaidi.

Katika makala hii tunaeleza kamati ya namna hiyo inavyojadili na inavyoandika mapendekezo yake. Tunaeleza pia kwa nini jambo hili, linaloonekana kuwa la shule za mijini, linauhusu sana mkoa wa Katavi. Mkoa wetu una makumi ya maelfu ya watu ambao maisha yao yaliwahi kutegemea kifungu kimoja katika mpango ulioandikwa na wengine.

Tuchukue mfano wa Majengo

Ili tueleweke, tutumie mfano wa kufikirika. Tuseme wanafunzi 30 kutoka shule mbalimbali za Manispaa ya Mpanda wamekusanyika katika ukumbi mmoja wa kata ya Majengo. Kila mmoja ana kibao mbele yake chenye jina la nchi: Tanzania, Burundi, Kenya, Ujerumani, Hungary, Japani, Marekani na nyinginezo. Mada waliyopewa ni wakimbizi waliokaa ugenini kwa miaka mingi: je, warudishwe kwao, wapewe uraia pale walipo, au wapelekwe nchi ya tatu?

Mada hiyo hatukuibuni hewani. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokelewa Tanzania na kuwekwa katika makazi matatu makubwa: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo ambayo leo yapo mkoani Katavi. Wakati huo mkoa wetu ulikuwa haujazaliwa, kwani Katavi ilitengwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Watoto na wajukuu wa watu hao wamesoma shule za hapa, wanalima hapa, na wanauza mazao katika masoko yetu.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi analipata katika kamati hii ni gumu kumeza. Hasemi maoni yake. Anasema msimamo wa nchi aliyopewa. Mwanafunzi ambaye bibi yake alifika Katumba akiwa amebeba mtoto mgongoni anaweza kupangiwa kuiwakilisha Hungary, nchi ambayo tarehe 17 Desemba 2018 ilipiga kura ya hapana dhidi ya Mkataba wa Kimataifa kuhusu Wakimbizi katika Baraza Kuu. Siku hiyo nchi 181 ziliunga mkono, mbili tu zikapinga, Marekani na Hungary, na tatu hazikuegemea upande wowote.

Kwa nini mtoto wa Katumba alazimishwe kuisemea Hungary? Kwa sababu huwezi kukubaliana na mtu usiyejua anaogopa nini. Akikaa wiki mbili anasoma hoja za serikali ile, huenda asizikubali hata moja, lakini atajua ni neno gani likiondolewa katika rasimu litamfanya mpinzani wake alegeze kamba. Mdahalo wa kawaida haumpi mwanafunzi ujuzi huo.

Mjadala unaanzaje?

Kikao kinaanza kwa kuita majina ya nchi. Mjumbe anajibu kwa namna mojawapo kati ya mbili: "yupo", au "yupo na atapiga kura". Tofauti inaonekana ndogo, lakini ina uzito. Anayejibu "yupo" anabaki na haki ya kutoegemea upande wowote wakati wa kura ya mwisho. Anayejibu "yupo na atapiga kura" amejifunga: atasema ndiyo au hapana. Mwenyekiti anahesabu, anaona kama akidi imetimia, kisha anajua idadi ya kura zinazohitajika. Katika kamati yetu ya watu 30, wengi wa kawaida ni 16.

Baada ya hapo inafunguliwa orodha ya wasemaji. Anayetaka kuongea ananyanyua kibao chake, jina la nchi yake linaandikwa, na zamu ikifika anapewa muda mfupi, mara nyingi sekunde 60 au 90. Hotuba hizi za mwanzo hazikusudiwi kumaliza mjadala. Ni njia ya kuonyesha kila nchi imesimama wapi. Mjumbe makini hatumii muda huu kuandaa hotuba yake mwenyewe. Anasikiliza na kuandika: nani ametaja fedha, nani ametaja usalama, nani ametaja haki za watoto waliozaliwa kambini. Hao ndio atakaowatafuta baadaye.

Kisha mjadala unaweza kubadilishwa sura kwa namna mbili. Ya kwanza ni mjadala mfupi unaoongozwa na mwenyekiti juu ya kipengele kimoja tu, kwa mfano: "Nani alipie shule katika maeneo yanayopokea wakimbizi?" Ya pili ni mapumziko ya mashauriano. Hapo wajumbe wanaruhusiwa kuinuka vitini, kusogeleana na kuzungumza bila foleni, kwa dakika 15 au 20. Mtu akipita nje ya dirisha wakati huo atadhani ni vurugu. Kumbe hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika, kwa sababu makubaliano mengi hupatikana wakati watu wamesimama pamoja na karatasi moja mkononi.

Anayefuatilia vikao vya Bunge letu la Dodoma ataona mambo anayoyafahamu. Mbunge anasimama na kusema "kuhusu utaratibu", na Spika analazimika kumsikiliza kwanza. Katika kamati ya wanafunzi pia kuna hoja ya utaratibu, na inatangulia mambo mengine yote. Si kwa ajili ya kupinga alichosema mwenzako. Ni kwa ajili ya kuonyesha kwamba kanuni imevunjwa: msemaji amezidisha muda, au kura imeitwa kabla ya marekebisho kujadiliwa. Wanafunzi wageni huitumia vibaya ili kukatiza wenzao, na mwenyekiti mzuri huwazuia mapema.

Utaratibu unaweza kuamua matokeo

Wapo wanaoona kanuni hizi kuwa ni mbwembwe. Historia ya nchi yetu yenyewe inaonyesha vingine.

Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa likiamua ni serikali ipi ikalie kiti cha China: ile ya Beijing au ile ya Taiwan. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizodhamini rasimu ya kuipa Beijing kiti hicho. Mwakilishi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, aliyekuwa na umri wa miaka 29 tu. Marekani haikutegemea kupinga rasimu hiyo peke yake. Ilileta kwanza hoja ya utaratibu: kwamba suala hili lihesabiwe kuwa zito, na kwa hiyo lihitaji theluthi mbili ya kura badala ya wingi wa kawaida. Hoja hiyo ikapigiwa kura kabla ya rasimu yenyewe, na ikaanguka kwa kura 59 dhidi ya 55. Kwa kuanguka kwake, njia ikawa nyeupe. Rasimu ikapita kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikiwa hazikuegemea upande, na ikawa Azimio namba 2758.

Aliyeangalia kura ya mwisho tu hakuuona mpambano wenyewe. Ulikuwa umekwisha kwenye kura ya awali, kwa tofauti ya kura nne. Salim mwenyewe baadaye alikuwa Rais wa Baraza Kuu katika kikao cha 34, kilichoanza mwaka 1979. Mwanafunzi wa Majengo anayejifunza kuuliza "tunapiga kura juu ya nini kwanza?" anajifunza swali ambalo mwanadiplomasia huyo alilazimika kulijua.

Kutoka maneno hadi maandishi

Baada ya mashauriano, makundi yanaanza kuandika. Hatua ya kwanza ni hati ya kazi. Hii ni karatasi ya mawazo, haina umbo maalumu, na hakuna anayefungwa nayo. Kundi moja linaweza kuandika kwamba wakimbizi waliokaa muda mrefu wapewe uraia. Kundi jingine likaandika kwamba warudi kwao kwa hiari na kwa usalama. Kundi la tatu likataka nchi tajiri zichukue sehemu ya watu hao.

Hati hizo zikikomaa zinageuzwa kuwa rasimu ya azimio, na hapo umbo linakuwa na sheria kali. Rasimu inakuwa na wadhamini, yaani nchi zilizoiandika na zinazoitetea. Inakuwa pia na watia saini, yaani nchi zinazotaka ijadiliwe hata kama haziikubali. Kwa kawaida kanuni hudai idadi fulani ya nchi kabla rasimu haijapokelewa. Ikiwa ni moja ya tano, basi katika kamati yetu ya watu 30 nchi sita zinatosha.

Azimio lenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni sentensi moja ndefu. Mwenye sentensi ni kamati, na vifungu vyote vinamhusu yeye. Sehemu ya kwanza ni vifungu vya utangulizi. Vinaeleza sababu na kukumbusha yaliyokwisha kukubaliwa, na kila kimoja kinaishia kwa mkato. Sehemu ya pili ni vifungu vya utekelezaji. Vinapewa namba, vinasema nini kifanyike, kila kimoja kinaishia kwa nuktamkato, na cha mwisho ndicho kinachobeba nukta. Tumetengeneza mfano mfupi:

Kamati hii,

Ikikumbuka Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi,

Ikitambua mzigo ambao nchi zinazopokea wakimbizi zimeubeba kwa miaka mingi,

1. Inazihimiza nchi wanachama kurahisisha upatikanaji wa uraia kwa wakimbizi walioishi nchini mwao kwa zaidi ya miaka 20;

2. Inaziomba nchi wafadhili kuchangia gharama za shule, zahanati na maji katika maeneo yanayopokea wakimbizi;

3. Inaamua kuendelea kulifuatilia suala hili.

Msomaji ataona jinsi Kiswahili kinavyoingia katika umbo hili bila kusukumwa. Silabi "iki" katika "ikikumbuka" na "ikitambua" inatuambia kwamba tendo kuu bado linakuja. Silabi "ina" katika "inahimiza" na "inaomba" inatuambia kwamba limefika. Tutarudi kwenye suala la lugha baadaye.

Neno moja linabeba nini?

Tuangalie kifungu namba 1 hapo juu. Kinasema "inazihimiza". Mjumbe wa nchi fulani anaweza kutaka liwe "inazitaka", ambalo lina ukali zaidi. Mwingine akataka iongezwe "kadiri inavyowezekana". Watabishana nusu saa, na mtazamaji atadhani wamepoteza muda.

Hawajapoteza. Maneno "kadiri inavyowezekana" yamo katika Ibara ya 34 ya Mkataba wa 1951 wenyewe, ile inayozitaka nchi kurahisisha uraia kwa wakimbizi. Waandishi wa mkataba waliyaweka ili nchi ziweze kuusaini bila kuogopa kwamba kesho zitalazimishwa kumpa uraia kila aliyevuka mpaka. Maneno hayo yaliziingiza nchi ndani ya mkataba, na maneno hayo hayo yanazipa mlango wa kutokea. Anayeyaandika lazima ajue kwamba anafanya mambo yote mawili kwa pamoja.

Mfano maarufu zaidi duniani ni Azimio namba 242 la Baraza la Usalama, la tarehe 22 Novemba 1967, baada ya vita vya Israeli na nchi jirani za Kiarabu. Nakala ya Kiingereza ilizungumzia majeshi ya Israeli kuondoka katika maeneo yaliyotekwa, lakini ikaacha kile kineno kidogo ambacho Kiingereza hutumia kuonyesha kwamba kinachotajwa ni maeneo yale yale yanayojulikana. Nakala ya Kifaransa ilisomeka kana kwamba kineno hicho kipo. Tangu hapo upande mmoja unasema azimio linataka maeneo yote yarudishwe, na upande mwingine unasema halikusema yote. Zaidi ya nusu karne imepita na ubishi huo haujaisha.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana juu ya mpango wa kumaliza suala la Warundi wa 1972. Waliotaka kurudi Burundi wangesaidiwa kurudi, na waliotaka kubaki wangeomba uraia. Wengi walichagua kubaki. Kufikia mwaka 2010 maombi ya watu takribani 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Lakini mpango ulikuwa na sharti: raia hao wapya wangehama kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu na kusambazwa katika mikoa mingine ya nchi. Nia ilikuwa wachanganyike na Watanzania wengine. Tatizo likawa kwamba watu walikuwa na nyumba, mashamba, makaburi ya wazee wao na shule za watoto wao pale pale. Uhamisho ulikwama, na vyeti vya uraia vikakwama pamoja nao. Watu walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hawajaushika mkononi. Sharti la kuhama lilipoachwa ndipo vyeti vilipoanza kutolewa, mwezi Oktoba 2014.

Mpango ule haukuwa azimio la Umoja wa Mataifa, na serikali ya Tanzania ilipongezwa duniani kwa kutoa uraia kwa watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Hatusemi vinginevyo. Tunachokisema ni kwamba kifungu cha kuwahamisha watu kiliandikwa mezani na kikaonekana cha busara, lakini kilipofika Katavi kilishikilia maisha ya familia kwa miaka minne. Mwanafunzi anayejifunza kuuliza "kifungu hiki kikifika kijijini kitafanyaje?" amejifunza jambo ambalo watu wazima wenye vyeo wamewahi kulisahau.

Marekebisho na kura

Rasimu ikishawasilishwa, wadhamini wanaisoma mbele ya kamati na kujibu maswali. Kisha mlango wa marekebisho unafunguliwa. Bungeni kwetu mbunge huleta jedwali la marekebisho, na katika kamati ya wanafunzi mjumbe huandika karatasi inayosema: futa neno hili, ongeza kifungu hiki, badili namba hii. Kama wadhamini wote wanakubali, marekebisho yanaingia moja kwa moja. Kama hata mmoja anakataa, yanajadiliwa na kupigiwa kura.

Hapa ndipo swali la fedha hujitokeza, na mara nyingi huwa limechelewa. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba shule zijengwe, hospitali zijengwe, kila mkimbizi apewe mkopo. Nani atalipa? Katika Umoja wa Mataifa wenyewe, azimio la Baraza Kuu lenye gharama kwa bajeti ya umoja huo hupitia Kamati ya Tano, inayoshughulika na fedha, kabla ya kupitishwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokubali kuujaribu mpango mpya wa kimataifa wa kuhudumia wakimbizi, lakini mwanzoni mwa 2018 serikali ilitangaza kujitoa, ikitaja sababu za usalama na ukosefu wa fedha. Mjumbe wa Tanzania katika kamati yetu ya Majengo ana haki ya kuinuka na kusema: kifungu namba 2 kinasema "inaziomba nchi wafadhili", je, zikikataa ombi? Hapo wadhamini watalazimika kufikiri upya, na rasimu itakuwa bora kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Mwisho ni kura. Mjadala unafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na nchi moja moja inajibu ndiyo, hapana au sina upande. Inafaa kufahamu kwamba katika Baraza Kuu halisi sehemu kubwa ya maazimio hupita bila kura yoyote, kwa sababu wajumbe wamekwisha kukubaliana kabla ya kuingia ukumbini. Inafaa pia kutofautisha vyombo. Azimio la Baraza Kuu, lenye wanachama 193, kwa kawaida ni pendekezo. Azimio la Baraza la Usalama lenye wajumbe 15 linaweza kuzifunga nchi kisheria. Linahitaji kura tisa, na nchi tano zina kura ya turufu. Kamati ya wanafunzi inayoigiza Baraza Kuu ikiandika "inaamuru", imevuka mipaka yake, na mwenyekiti anapaswa kuirudisha rasimu hiyo.

Kasoro zake

Mchezo huu una kasoro, na si vizuri kuzifunika.

Ya kwanza ni tuzo. Mikutano mingi hutoa zawadi kwa mjumbe bora, na mara tu zawadi inapotajwa, mdahalo wa zamani unarudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye sauti kubwa anaonekana amefanya kazi, na yule aliyekaa pembeni akiunganisha makundi mawili yaliyokuwa hayaelewani haonekani. Waandaaji wanaoweza kufanya hivyo wampe alama aliyeandika kifungu kilichokubaliwa na wapinzani wake.

Ya pili ni kuja na rasimu iliyokwisha kuandikwa nyumbani, au iliyonakiliwa kutoka intaneti. Siku hizi hata programu za kompyuta zinaweza kuandika azimio zima kwa dakika moja, lenye mikato na nuktamkato mahali pake. Karatasi kama hiyo inapendeza macho, lakini haikuzaliwa na mazungumzo yoyote, na wajumbe wake hawataweza kuitetea mtu akiuliza swali la pili.

Ya tatu ni gharama. Nauli, malazi na ada za mikutano ya Dar es Salaam au Nairobi ni kikwazo kwa mzazi wa Mpanda. Kwa bahati nzuri, kamati yenyewe haihitaji ndege. Inahitaji ukumbi, karatasi, saa ya kuhesabu muda, mwalimu aliyesoma kanuni na wanafunzi waliosoma mada.

Ya nne ndiyo nzito zaidi: lugha. Kamati hizi huendeshwa kwa Kiingereza, na wapo wanaosema hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu Kiingereza ni lugha ya kufundishia sekondari na ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini tuangalie nani ananyamaza. Mwanafunzi anayeyajua maisha ya Mishamo kuliko mwingine yeyote ukumbini anaweza kukaa kimya siku nzima kwa kuogopa kuchekwa akikosea sarufi, huku anayezungumza vizuri akiandika vifungu juu ya jambo asilolijua.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika tangu Agosti 2019, na Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022. Mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia marais wenzake wa Afrika kwa Kiswahili mjini Addis Ababa. Kwa hiyo shule inayoigiza kikao cha Umoja wa Afrika kwa Kiswahili haifanyi mzaha. Inaigiza jambo linalowezekana kabisa. Tunaona njia nzuri ni kuanza kwa Kiswahili, wanafunzi wakaelewa mjadala na uandishi, kisha wakahamia Kiingereza wakiwa na kitu cha kusema.

Faida yake kwa Katavi

Wachache sana kati ya wanafunzi wetu watakwenda New York. Wengi watakaa katika mikutano ya mtaa, vikao vya kamati ya shule, vyama vya ushirika wa tumbaku na pamba, kamati za maji na baraza la madiwani. Kote huko kuna muhtasari unaoandikwa na mtu mmoja wakati wengine wanaongea. Kote huko mtu anaweza kuongea vizuri, akapigiwa makofi, kisha akakuta karatasi iliyosainiwa inasema jambo jingine.

Ndiyo maana tunadhani zoezi hili lina thamani zaidi mahali kama Mpanda kuliko katika miji ambako diplomasia ni kazi ya majirani. Hapa tuna watu wanaojua kwa miili yao maana ya kuwa mada ya kikao usichoalikwa. Mjukuu wa mkimbizi na mjukuu wa mwenyeji aliyegawana naye ardhi wanaweza kukaa meza moja, kila mmoja akasema anachohofia: mmoja kunyang'anywa alichojenga, mwingine kuishiwa msitu na shamba. Wakiandika pamoja kifungu kimoja ambacho wote wawili wanaweza kukisaini, watakuwa wamefanya kazi ile ile inayofanywa na wajumbe wa kweli, kwa mada wanayoijua vizuri kuliko wajumbe wengi.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, ushauri wetu ni mfupi. Chagua mada moja ambayo wanafunzi wanaweza kuiona kwa macho yao. Wape nchi wiki mbili kabla, wasome. Siku ya kikao, punguza hotuba na ongeza muda wa mashauriano. Na rasimu ikiletwa mezani, kabla ya kuita kura, muulize kila mjumbe swali moja: ni neno gani humu ndani umelikubali ingawa hukulipenda, na umelikubali kwa sababu gani? Atakayeweza kulijibu ameelewa kilichofanyika ukumbini.